Kabla sijakutumia laki sita ya vioo

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma nimesimama mbele ya karai, nikaunguza maandazi sita. Unaomba laki sita uanze kutibu vioo vya mbele vya magari vilivyopigwa mawe, hapo Morogoro, karibu na Msamvu. Sijakasirika. Kama nimekaa kimya siku nne ni kwa sababu nilitaka kwanza nilitoe daftari la baba yako sandukuni.

Unalikumbuka, lile la jalada jeusi. Miaka kumi na tisa baba yako alibadilisha vioo hapa Makambako, na miaka yote hiyo mwandishi nilikuwa mimi. Yeye alishika waya wa kukatia gundi, mimi nikashika kalamu na hela, maana alikuwa hawezi kumdai mtu yeyote aliyemwita kaka. Juzi usiku nimechukua mwaka mmoja tu, 2014, nikahesabu. Vioo vya mbele 61. Kila kimoja nimeandika pembeni kilichokisibu: ajali, tawi, gogo la Fuso ya mbao, jiwe. Na vingine nimeandika maneno mawili, "ufa umetembea". Hivyo ni 26.

Hao 26 wameninyima usingizi. Wengi wao niliwaona mapema. Dereva anasimama kunywa chai, kioo kina nukta ndogo kuliko kifungo cha shati, anaigusa na kucha, anasema nitarudi. Anarudi baada ya wiki tatu na ufa umeshatoka kwa dereva umefika kwa abiria. Baba yako anamwekea kioo kipya, mimi naandika. Hela hiyo tumeila, na wewe umesomeshwa kwayo. Hatukumwibia mtu, maana hapa hakuna aliyejua kwamba ile nukta inatibika. Lakini nikiisoma orodha leo naona wateja wako wamepangwa pale mstari kwa mstari, na ninaona pia kwamba adui yako hatakuwa fundi mwenzako. Adui ni hilo neno "nitarudi".

Kuna ukurasa mmoja hukuwahi kuonyeshwa. Umeandikwa "Noah ya jirani, bure". Baba yako alitoka Dar na kifurushi cha bei rahisi: kishikio cha plastiki chenye vinyonyi vya kung'ang'ania kioo, sindano, kichupa chenye matone ya kuhesabika, na wembe. Maelezo hayakuwemo, ni picha tu. Akaianza ile Noah saa saba mchana, juani, kioo kinachoma kama bati. Kwanza akakimwagia maji kipoe. Mwanangu, ule ufa ulikimbia mbele ya macho yetu kama mjusi anayeingia darini. Bado hakukata tamaa, akaingiza ile dawa, ikagandia mdomoni mwa tundu kabla haijafika kwenye ncha za nyufa, zile zinazotawanyika kama nyota. Jirani akauliza, "Sasa umenitibu au umeniongezea doa?" Akapewa kioo kipya kwa hela yetu, na kifurushi kikatupwa chini ya kitanda. Baba yako hakukitaja tena mpaka anaondoka duniani.

Baadaye, ulipokuwa chuo na ukawa unanisimulia kwenye simu mnayofundishwa, ndipo nilielewa tulikosea wapi. Ile dawa, rezini, inagandishwa na mwanga wa urujuanimno, na jua limejaa mwanga huo. Ukifanyia kazi juani ni sawa na kukanda unga wa chapati juu ya kikaango. Na kioo chenye moto ukikimwagia baridi, au chenye baridi ukakimwagia moto, upande mmoja unajikunja mwenzake hajajikunja, na ufa unapata njia. Hapa kwetu mwezi wa Juni tunaiona kinyume chake: dereva anaamka, kioo kimeganda kwa baridi, anachukua birika la maji ya moto. Nimewakemea wengi kutoka hapa jikoni. Huko Morogoro wewe utapambana na joto. Liweke gari kivulini, usubiri mpaka ukibandika kiganja kwenye kioo usitamani kukiondoa. Mteja akikuharakisha, mpe kiti.

Nilifurahi uliponiambia kwa nini nukta ile inaonekana nyeupe. Kwamba ndani ya nyufa kuna hewa, mwanga ukifika pale unarudi nyuma, na rezini ikijaza mahali pa hewa mwanga unapita kama kwenye kioo kizima. Mimi nayaona hayo kila siku kwenye karatasi ya kufungia maandazi. Kavu haionyeshi kitu, ikiingia mafuta unasoma gazeti upande wa pili. Mweleze mteja hivyohivyo, na usianze na maneno ya chuoni. Na mwonyeshe karatasi yenyewe.

Na yule Mfaransa wako, Édouard Bénédictus, aliyeangusha chupa ya maabara mwaka 1903 ikapasuka isitawanyike kwa kuwa ndani ilikuwa na utando wa dawa iliyokaukia humo. Ukasema ndipo lilipotoka wazo la kubana plastiki katikati ya vioo viwili, kama kilivyo kioo cha mbele cha gari. Nimeipenda kwa sababu ni chupa ambayo haikuoshwa. Miaka yote nakugombeza kuhusu sufuria, kumbe kuna uvivu wenye faida.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo hela yangu ilipo.

Kazi yako kubwa itakuwa kukataa. Baba yako kila gari lililokuja lilikuwa lake, lina ufa mdogo, lina ufa mkubwa, kioo kipya kinakaa. Wewe hapana. Mwenye dirisha la pembeni lililomwagika kama chumvi ya mawe, huyo si wako, kile kioo ni cha aina nyingine, hakina utando, hakitibiki. Ufa uliofika ukingoni mwa kioo si wako. Jeraha lililopenya mpaka kioo cha ndani si lako. Nukta iliyo mbele kabisa ya macho ya dereva iache hata kama ni ndogo, kwa sababu kovu litabaki, na usiku taa za lori linalokuja zitachezea pale. Nyota inayozidi sentimita mbili na nusu, au ufa unaozidi urefu wa kiganja na vidole vyake, uviogope kwanza mpaka mkono uzoee. Na jeraha la mwezi mzima lililokula vumbi na sabuni, mwambie mwenyewe kabla kwamba litashikana lakini uchafu utaonekana.

Utakataa watu watatu upate mmoja. Siku ya nne bila mteja utamwona mwenye ufa wa ukingoni na elfu ishirini mkononi, anakubembeleza, "Wewe paka tu, nifike Iringa." Hapo ndipo nitajua kama nimemkopesha fundi au nimemkopesha mtu mwenye sindano. Kioo cha mbele hakizuii upepo peke yake. Kinasaidia kuishika paa gari likibiringika, na kwenye magari mengi mfuko wa hewa wa abiria ukifumuka unaegemea pale. Mwelekeze kwa anayebadilisha vioo. Na huyo fundi mwombe akuletee wenye nukta, mtalishana.

Unayemkubali, mwambie mambo yote kabla hujaligusa gari. Mwambie kovu dogo litabaki. Piga picha kwa simu yake, siyo yako. Mwambie pia kwamba mara mojamoja ufa hutembea wakati wa kazi, na ukitembea hutamtoza hata senti, lakini kioo kipya hutamnunulia. Baba yako hakulisema hilo kwa jirani, ndiyo maana tulilipa. Mdomo ulikuwa mzito kwa sababu ni jirani. Ukisema baada ya ufa kukimbia, unaitwa mjanja.

Mahali. Umesema utakaa Msamvu kwenye mabasi. Fikiri tena. Basi linasimama dakika chache, dereva ana haraka, kondakta anapiga bodi kwa kiganja. Wewe kazi moja inakula nusu saa na zaidi: kusafisha, kukausha, kutoa hewa, kusukuma rezini, kutoa hewa tena, kuwasha taa ya kuigandisha, kuziba kile kishimo cha juu kwa rezini nzito, kukwangua kwa wembe uliosimama wima, kung'arisha. Unataka gari ambalo mwenyewe ameshakubali kukaa. Kaa na waosha magari. Pale mtu anasubiri, na kioo kikitakata ndipo nukta inapoonekana. Ila mkubaliane na wale vijana kwamba wakiona jeraha gari lije kwako kabla ya maji, kwa sababu rezini na maji haviingii tundu moja. Kila anayekuletea mteja mpe elfu mbili hapohapo, usimwambie jioni. Masika yakianza utapoteza siku nyingi, iweke hesabu hiyo tangu sasa.

Madereva wa IT, wa magari ya kuvuka mpaka, usiwasahau. Hawa wanaopeleka magari mageni Tunduma wanaendesha mali ya mtu, gari bado lina karatasi kwenye viti, jiwe likiruka njiani wanachanganyikiwa. Hapa kwetu wanafika jeraha limeshakuwa ufa. Kwako wanapita bado mapema.

Na jambo moja niliota nikiwa macho. Nunua seloteipu nyeupe, ile pana. Kila dereva mwenye nukta ambaye anasema nitarudi, mkatie kipande, kibandike juu ya jeraha bure, mpe na namba yako ya simu. Vumbi na maji havitaingia, na kila akikaa kwenye usukani kile kipande kinamtazama. Kama mwaka 2014 ningekuwa na akili hii, lile neno "ufa umetembea" lingekuwa halijajaa kurasa zangu. Ingawa labda baba yako angeninyang'anya hiyo seloteipu.

Kwenye bango usiandike ule msemo wa usipoziba ufa. Najua umeshaufikiria. Kila mtu atakayeifungua kazi hii atauandika huo. Andika tu: Kioo kimepigwa jiwe? Na namba.

Watakuja watu, wakukute umeinama na sindano, wakuulize, "Fundi yuko wapi, dada?" Usibishane. Waambie fundi anamalizia, wasubiri. Kisha wape kiti.

Karatasi za serikali utazifuatilia mwenyewe, namba ya mlipa kodi (TIN) ya TRA, usajili wa jina la biashara BRELA, leseni ya halmashauri, wewe una miguu na umesoma. Mambo ya bima nayo yaelewe kidogo, maana wenye bima ndogo hawalipwi kioo chao, na hao ndio wengi utakaowaona. Mwenye bima kubwa aulize kwanza bima yake kabla hujamgusa.

Ijumaa nakopa kwenye kikoba. Ni mkopo wenye riba na jina langu ndilo litakaloandikwa, kwa hiyo usiuite msaada. Nitatuma mara mbili. Kwanza laki nne: kishikio cha chuma, si cha plastiki, taa ya zambarau, rezini ya kweli ya aina mbili, nyepesi na nzito, miwani na glovu. Usiiangalie ile taa kwa macho, na usikwangue kioo bila miwani na glovu, unakumbuka mikono ya baba yako ilivyokuwa. Laki mbili zilizobaki sizitumi mpaka uniletee picha za vioo kumi vya kujifunzia. Nenda gereji uombe vioo vilivyotupwa, vipige mawe mwenyewe, uvitibu. Katika kumi, vile vitakavyokushinda nipigie picha kwanza.

Nimempa kondakta wa basi la kesho asubuhi mzigo wako. Ukaupokee Msamvu mchana, mpe elfu tatu, hajalipwa. Ndani kuna daftari la 2014 na mwavuli wangu mkubwa, ule wa jikoni. Mimi nitaweka turubai. Ni mweusi na mpana, unafunika kioo kizima cha gari dogo. Mbavu moja imevunjika upande wa kushoto, ifunge kwa waya kabla hujaufungua kwenye upepo.

Mama yako