Ukipita Lubbock

Mwanangu mpendwa,

Salamu sana. Sisi huku tu wazima, hofu ni kwako uliye mbali. Mamako hajambo na mahindi yameanza kubeba.

Juzi uliponiambia kwamba siku hizi unapeleka mizigo hadi Lubbock, huko Texas, Marekani, moyo wangu uliruka. Kaskazini-mashariki mwa Lubbock, mwendo wa kama saa moja kwa lori, kuna mji mdogo uitwao Floydada. Hapo ndipo alipozaliwa Don Williams, mwimbaji wa muziki wa country, Mei 1939. Yule wa kofia, ambaye kaseti zake zilijaa kwenye lori langu. Ulikuwa ukizifumua utepe ungali mdogo, nami nikikaa jioni nzima nikiurudisha kwa kalamu.

Kuna usiku mmoja sijawahi kukusimulia. Ilikuwa Jumamosi, Septemba 9, 2017. Nilitoka Mombasa na kontena, nikalala Mtito Andei. Hali ya nchi wakati ule unaikumbuka. Septemba 1 Mahakama ya Juu ya Kenya ilikuwa imefuta uchaguzi wa urais wa Agosti, na sisi madereva hatukuwa tukikaa pamoja tena. Kila mtu na watu wa kwao, kila kundi na chai yake.

Nikawasha redio nisikie habari. Mtangazaji akasema Don Williams amefariki Ijumaa huko Mobile, Alabama, akiwa na miaka 78; mapafu yalikuwa yamemshinda. Kisha akafanya jambo ambalo namheshimu kwalo hadi leo. Alitaja wimbo na mwaka wake, 1975, 1978, 1980, akauacha wimbo uishe wenyewe. Hakuukatiza. Mtangazaji huyo alikuwa amemwelewa marehemu. Don Williams hakuimba kwa kelele. Aliketi, akapakata gitaa lake, na ile sauti nzito ikatoka polepole, ya mtu anayeongea na mkewe jikoni watoto wakishalala. Kiingereza changu kingi nilikipata kwake. Na yale niliyoshindwa kumtamkia mamako tukiwa wachumba, nilimpelekea kwenye kaseti. Muulize, bado anayo.

Basi nikafungua milango yote miwili ya lori na kuongeza sauti. Sikumwita mtu. Walikuja mmoja mmoja na vikombe vyao, wakachutama kando ya magurudumu. Mzee mmoja wa safari ya Malaba, ambaye hatukuwa tumeamkiana tangu Agosti, alilijua lile beti la pili ambalo mimi hulisahau kila mara. Akaanza, nikamfuata. Mwingine akatukumbusha kwamba mwaka 1997 Don aliimba Harare, kwa hiyo Afrika aliifikia kwa miguu yake. Tulikaa hapo saa mbili hivi. Hakuna aliyetaja kura. Alfajiri yule mzee alipokuwa akiondoka, alipunguza mwendo mbele ya lori langu na kunipigia honi mara mbili.

Sasa sikiliza, mwanangu. Sitaki zawadi wala picha. Ukipata mzigo wa upande huo, na ratiba ikikuruhusu, simama Floydada mahali salama, zima injini, unipigie. Ikiwa huku ni usiku wa manane, nipigie tu. Weka simu dirishani nisikie upepo wa pale. Kaseti nitaiwasha mimi huku, usikie na wewe.

Mamako anasema uvae sweta.

Babako