Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: tudai masaa ya kompyuta kuu, seva ya kuchangishana hapana

Wanachama wenzangu, wakubwa shikamooni, vijana mambo vipi. Mkutano mkuu umekaribia na mama katibu kanisumbua wiki nzima nilete taarifa, haya basi hii hapa, nimeiandika kwa simu kwa hiyo mkikuta herufi zimeruka mnivumilie.

Ya kawaida nayamaliza haraka. Wanachama tumeongezeka, wengi ni vijana wa vyuo, mafunzo ya Jumamosi yanaendelea, ada bado ni shida (mnajijua) na hesabu za fedha mhazini atazisoma mwenyewe. Kilichotula muda mwaka huu ni suala la kompyuta za kufundishia modeli za akili bandia (AI) na hapo ndo nataka niongee.

Mnajua kundi la sauti lilikuwa Igombe na Mwaloni Kirumba linarekodi wavuvi na kina mama wa dagaa, Kisukuma na Kiswahili cha mwaloni, bei za ndoo, upepo, mikopo, matusi nayo yalikuwemo tukayafuta. Data tamu kweli, injini za mitumbwi zinasikika kwa nyuma na kuna mama anamkatiza kijana wetu anamwambia we baba weka hiyo simu chini ununue kwanza ndo tuongee. Kurekodi haikuwa shida, shida ilianza kwenye kufundisha. Huduma ya bure ya mtandaoni inakupa jipiyu (GPU, kadi ya kompyuta inayopiga mahesabu mazito ya kufundisha) masaa machache halafu inakukata, ukirudi unaambiwa zimejaa, ukihamia ya kulipia ni dola na kadi ya benki ya mwanachama mmoja ambaye baada ya mwezi alisema jamani imetosha, na simlaumu.

Kwa wasio wa fani: modeli ya vigezo bilioni 7 (zile namba za ndani inazorekebisha ikijifunza) kuipakia tu kwenye memori kwa biti 16 ni gigabaiti 14, ukitaka kuifundisha yote kwa njia ya kawaida unavuka gigabaiti 100 maana kila kigezo kinatembea na mahesabu yake ya marekebisho. Laptopu ya gemu ina jipiyu ya gigabaiti 6 au 8. Njia za mkato zipo, unafundisha kipande kidogo cha modeli, nasi ndo tulizotumia, ila hata hizo zinataka jipiyu isiyokatika katikati ya kazi.

Hapo ndo likaja wazo la kuchanga tununue seva yetu, na kundi la WhatsApp likagawanyika. Mimi nililipinga na bado nalipinga. Jipiyu moja kubwa, ile H100, inakula hadi wati 700, iweke kwenye chumba Mwanza hii na kiyoyozi usiku na mchana, umeme ukiyumba ni presha, halafu miaka mitano tu imeshapitwa. Wamarekani waliwasha kompyuta kuu yao Ranger kule Texas 2008 ikiwa kati ya kubwa kabisa duniani, 2013 wakaizima, vipande vyake vingine vikaletwa Afrika. Hakuna mtu ananunua mashine ya kusaga kwa ajili ya debe lake moja la mahindi, anapeleka debe kwenye mashine ya mtaa analipia.

Na wenzetu wamefanya hivyohivyo kwa hela ya umma. Ulaya kuna mpango wa pamoja wa kompyuta kuu, EuroHPC, tangu 2018, nchi zinachangia, mashine inatumika na wote, kwa mfano kompyuta kuu ya LUMI iko Kajaani huko Finland ndani ya kiwanda cha zamani cha karatasi, inatumia umeme wa maji na joto lake linapasha nyumba za mji. Uingereza wameweka pauni milioni 225 kwenye kompyuta kuu ya Isambard-AI pale Bristol. Marekani Januari 2024 walianza majaribio ya NAIRR, mpango wa taifa wa kugawia watafiti wa akili bandia kompyuta, mtafiti anaandika ombi anapewa masaa ya kompyuta. India ndo imenivutia zaidi, serikali haikujenga jengo lote yenyewe, imeingia mkataba na makampuni yenye jipiyu kisha inabeba sehemu ya bei, mtumiaji analipa chini ya rupia 100 kwa saa. Hii kwetu naona ingewezekana mapema kuliko kusubiri jengo, ribon na hotuba.

Kuna mzee wetu mmoja aliniuliza hivi wavuvi inawahusu nini. Inawahusu mzee wangu. Utabiri wa dhoruba za ziwa hili kwa miaka mingi umesaidiwa na modeli ya gridi ya kilomita 4.4 iliyotengenezwa kwa ajili ya Ziwa Victoria, inapigiwa hesabu Uingereza kwenye kompyuta kuu ya idara yao ya hali ya hewa. Nashukuru ipo, ila foleni ya kazi kwenye ile mashine sisi hatuipangi.

Umeme msiufanye kisingizio. LUMI ikipiga kazi kamili ni kama megawati 7, bwawa la Nyerere ni 2,115 na mtambo mmoja tu pale ni 235. Kigumu ni umeme kutulia, kupooza, spea, na mafundi wanaojua kupanga kazi za watu mia kwenye mashine moja, hao lazima walipwe vizuri la sivyo wanaondoka, na kwenye bajeti huwa wanasahaulika.

Kwa hiyo kamati imekubaliana tuandike barua kwa wizara inayohusika na mawasiliano, nakala COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Hatuombi mashine ije Mwanza, ikae popote penye umeme na faiba nzuri. Tunachodai ni foleni: vikundi vidogo vya mikoani navyo viruhusiwe kuomba bila kuwa na profesa mgongoni, maombi madogo yajibiwe ndani ya siku chache, na orodha ya waliopata masaa iwe wazi tujue yalienda kwa nani. Hilo la mwisho wengine wanaona nimekaza sana, sitalilegeza.

Rasimu iko kwa mama katibu, kundi la sauti mniletee aya yenu kuhusu kazi ya Igombe kabla ya mkutano na msiandike kurasa nne. Waliotoa ahadi ya mchango wa seva hela zenu hazijaguswa, mhazini atawarudishia, ila atakata ada kwanza.