Harambee ya mbegu na ghala kabla ya mvua za vuli

Tumsifu Yesu Kristo.

Wapendwa waamini wa kigango chetu, majirani zetu wa dini zote, na ndugu zetu wana wa Magu mnaoishi Mwanza mjini, Dar es Salaam na kwingineko: tunawaomba mchango, na tunauomba sasa, wakati jua linawaka na hakuna anayewaza mafuriko.

Mnalijua eneo letu la chini, kule Mto Simiyu unakokaribia ziwa. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifikia kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, na mwaka 2024 likapanda tena. Ziwa likijaa, mto unakosa pa kumwaga maji. Yanarudi nyuma na kutuama mashambani. Mpunga huvumilia kwa muda. Muhogo hauvumilii: unaozea ardhini, na harufu yake inakufikia kabla hujashika jembe.

Watu wametutendea wema. Kila maji yalipoingia tuliletewa unga, maharage na mablanketi, na tunashukuru kwa moyo wote. Lakini unga ukiisha, mkulima anabaki na shamba lililokauka na hana cha kupanda. Mbegu aliyoiweka ama imesombwa, ama imepikwa watoto wakala. Hapo ndipo anapouza maksai, na msimu unaofuata analima kwa jembe la mkono kipande kidogo tu. Hasara hiyo ya pili ndiyo tunayotaka kuizuia.

Angalieni marando ya viazi vitamu. Kiangazi kina mama huyatunza mabondeni kwenye unyevu, maana kwingine kote yanakauka. Na bonde ndilo maji hulifunika kwanza. Mama mmoja wa jumuiya yetu alishuka huko maji yalipopungua, akapekua tope kwa mikono akitafuta shina bichi. Aliyoyapata hayakujaa beseni. Pasipo marando hakuna viazi, na pasipo viazi hakuna michembe, yaani vipande vya viazi vilivyoanikwa, ambayo ndiyo huzivusha kaya nyingi hapa hadi mavuno mengine.

Kwa hiyo tunataka kuanzisha kitalu cha marando na pingili za mihogo kwenye kiwanja cha kigango, ambacho kiko juu na hakifikiwi na maji, tuchimbe kisima na kuweka pampu. Mbegu ya kuanzia tutaiomba kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru, wilayani Misungwi. Tungeweza kuokota pingili popote, lakini zikija na batobato au michirizi ya kahawia tutakuwa tumewagawia watu ugonjwa.

Kando ya kitalu tutajenga ghala lenye sakafu iliyoinuliwa. Mahindi yakilowa huota ukungu, na ukungu huo huzaa sumukuvu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Nafaka iliyokaushwa vizuri tutaiweka kwenye mifuko ya kinga njaa, ambayo ikifungwa barabara wadudu hukosa hewa na kufa bila dawa. Shilingi elfu tano zako zitasaidia kununua mfuko. Fedha zikizidi tutanunua chanjo ya kideri, ugonjwa unaoua kuku, kwa sababu kuku ndio huuzwa kwanza mtoto anapohitaji daftari au dawa.

Kaya itakayopewa mbegu itarudisha kipimo kile kile baada ya mavuno, apewe mwingine. Orodha itaandaliwa pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, na hakuna atakayeulizwa anasali wapi. Maji hayakuuliza.

Harambee itafanyika Jumapili ya mwisho ya Septemba baada ya Misa, kwani vuli huanza Oktoba. Mlioko mbali mnaweza kutuma kupitia wazazi wenu au viongozi wa jumuiya zenu. Kila mchango utapewa stakabadhi na mweka hazina, na hesabu yote, ya kuingia na ya kutoka, itabandikwa kwenye ubao wa matangazo kila mwezi hadi kazi iishe. Tunapokea pia saruji, bati, misumari, kuku wa mnada, na siku moja ya kazi kutoka kwa fundi yeyote. Mwenye mkokoteni na maksai awaone wazee wa kigango wiki hii. Mawe ya msingi tumeshayapasua, yanahitaji kusombwa.