Nguzo za umeme za Chiayi

Tanga

Ndugu yangu Salim,

Salaam aleikum. Sisi huku ni wazima, nawe natumai hujambo na wa nyumbani. Barua yako nimeipata. Umeniuliza: ukichora mtaa wenu hapo Pangani, nguzo za umeme na nyaya uziache au uzifute, maana wanunuzi wanataka mtaa wa kizamani?

Kabla sijakujibu, nikusimulie habari za Chen Cheng-po wa kisiwa cha Taiwan. Alizaliwa mjini Chiayi mwaka 1895, mwaka uleule China ilipoikabidhi Taiwan kwa Japani. Akakulia chini ya Wajapani, hata rangi za maji akafundishwa na mwalimu Mjapani, Ishikawa Kinichiro. Mwaka 1924, ana mke tayari na amekwisha kuwa mwalimu, akavuka bahari kwenda Tokyo kusomea uchoraji.

Waamuzi wa maonyesho ya sanaa ya Tokyo walipenda picha za koloni zenye sura ya kusini: jua kali, udongo mwekundu, mimea ya joto. Chen hakuwanyima jua. Lakini mwaka 1926, alipokuwa Mtaiwan wa kwanza kupokewa kwenye Maonyesho ya Kifalme kwa picha ya rangi za mafuta, alichokuwa amewapelekea ni pembezoni mwa mji wake mwenyewe. Zitazame picha zake za mitaa, Salim. Nguzo zimesimama wima katikati ya njia, mitaro imo, na chini ya nguzo hizo vinapita vijitu vidogo vimejifunika miavuli. Nguzo zililetwa na mkoloni, ni kweli, ila waliopita chini yake kwenda sokoni walikuwa majirani zake. Mimi sioni kama alikuwa akimsifu mtawala. Alikuwa akiuandika mji kama watu walivyoishi ndani yake.

Wajapani waliondoka mwaka 1945, ikaja serikali ya China, na Chen akawa diwani wa Chiayi. Mwaka 1947 wananchi wakainuka dhidi ya serikali hiyo. Chen akaenda na wenzake uwanja wa ndege kuzungumza na askari ili pawe na amani. Wakamkamata. Tarehe 25 Machi wakampiga risasi mbele ya stesheni ya reli, hadharani. Roho yangu huuma kila nikilifikiria hilo, kwa mtu aliyeupenda mji kiasi kile.

Mkewe, Zhang Jie, akamwita mpiga picha kwa siri aupige picha mwili wa mumewe, kisha akaificha picha hiyo pamoja na michoro ya mumewe. Sheria ya kijeshi haikuondolewa hadi 1987, na kwa miaka mingi watu waliogopa hata kulitaja jina lake. Bila mama huyu tusingekuwa na cha kutazama.

Leo nakala za picha zake zimewekwa mitaani Chiayi, palepale aliposimama akichora, na mpita njia anaweza kulinganisha kilichobaki na kilichobomolewa. Angefuta nguzo na mitaro, wangelinganisha nini?

Basi usifute, ndugu yangu. Chora nguzo, chora na ile inayoinamia ukuta wa msikiti. Anayetaka mtaa usio na nyaya akanunue kwa mwingine.

Turubai mbili nimekupatia, nitampa kondakta wa basi la Jumamosi. Brashi nene hazipo dukani, nimeagiza. Nisalimie mama sana.

Wako,
Hamisi