Somo, njoo Tanga kwanza

Somo yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, mjomba yuko na kikohozi chake kilekile na ubishi wake uleule. Najua sijakuandikia tangu Shaabani. Nilinuna, tena si kwa ajili yako.

Siku ile nilipokuja banda lako la kushonea lina siku nne tu tangu liungue, na wewe umeshakaa kwenye cherehani cha kuazima, kiganja kimefungwa bendeji, unashona sare za watoto wa watu. Kola ukaiweka kinyume. Ukafumua, ukaiweka kinyume tena. Na Mama Zulfa pale mlangoni anakusifu: "Mwanamke huyu amekomaa!" Nilitamani nimzibe mdomo kwa kanga yake mwenyewe.

Unamkumbuka mwalimu wetu wa michezo? Tukichoka kidogo tu, anatutajia Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathoni! Olimpiki ya Mexico City, 1968, mji uko juu zaidi ya mita 2,200, pumzi haitoshi, kijana wa Mbulu anaanguka, goti linaumia, linafungwa bendeji, anachechemea mpaka uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Wa 57, wa mwisho. Kukomaa ndiko huko, sibishi. Ila mwalimu hadithi yake siku zote iliishia kwenye bendeji. Hakutuambia hata mara moja kwamba mwaka 1970, Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, John Stephen Akhwari huyohuyo alikimbia marathoni akawa wa tano. Wa tano, somo! Saa 2 na dakika 15. Kule Mexico alitumia saa 3 na dakika 25.

Tangu nilijue hilo nawaza ile miaka miwili ya katikati, isiyopigiwa makofi na mtu. Kumaliza ukiwa unavuja damu ni jambo moja. Kurudi ukiwa mzima, miguu inakutii... Wewe la kwanza umeshalifanya, nani asiyeliona? Hilo la pili ndilo linaloninyima usingizi. Mimi nilipofiwa na baba nilirudi kazini siku ya tano, wakanipongeza, na Ramadhani nzima nikawa nalilia chumvi iliyozidi kwenye mchuzi. Basi, tuyaache.

Wateja wa sare watasubiri, na wasiposubiri waende kwa yule jirani yako anayeshona suruali mguu mmoja mrefu.

Kiganja umekionyesha hospitali au bado unapaka asali? Usiku unalala? Wenzako wa kikoba wamesema watakupa lini? Umeshalia, au bado? Na kile cherehani cha marehemu bibi, kichwa chake kimesalimika? Kama kipo uje nacho, kuna fundi Ngamiani namwamini. Chumba cha uani kitupu, nimeshakifagia. Nikupokee Jumamosi au Jumapili?

Ni mimi somo wako,
Mwanaidi