Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: bomba la haidrojeni liwe letu, lakini stima ibaki kwenye nyaya

Mheshimiwa Waziri wa Nishati na Petroli,

Nakuandikia kutoka Karagita, kando ya Ziwa Naivasha. Mimi ni mfugaji wa kuku, na mashine yangu ya kutotoa vifaranga hubeba mayai 264. Asubuhi yenye baridi nikifungua banda nauona mvuke wa Olkaria, ule wa jotoardhi unaozungusha mitambo ya stima, ukipanda nyuma ya vilima, mweupe kama maziwa. Stima inapikwa mlangoni petu, na bado tunajua giza.

Usiku wa Agosti 25, 2023, karibu nchi yote ilipozimika, mayai yangu yalikuwa na siku 18. Niliyafunika kwa blanketi, nikapanga chupa za maji moto pembeni, nikawa nabadilisha maji kila saa hadi makaa yakaisha. Walitoka vifaranga 31. Mayai mengine nilipoyapasua niliwakuta wamekamilika, mdomo na manyoya, wamekufa wakingoja kutoka.

Kwa hiyo juzi katika baraza, mtaalamu mmoja aliposema kwamba siku za usoni tutaachana na gridi, kila mtaa upate bomba lake la haidrojeni ya kijani, yaani gesi inayopatikana kwa kupasua maji kwa stima safi, bomba hilo liwe mali ya umma, nilipiga makofi kama wenzangu. Bomba halianguki upepo ukivuma. Halina transfoma ya kuibiwa mafuta. Na maneno "mali ya umma" ni matamu masikioni mwa mtu anayenunua tokeni za shilingi hamsini hamsini. Nilipofika nyumbani nikachukua kalamu.

Kutengeneza kilo moja ya haidrojeni kwa kupasua maji kunakula yuniti 50 hadi 55 za stima. Kilo hiyo ukiigeuza iwe stima tena huku kwangu, nitapata yuniti 16 au 17. Hapo sijaweka gharama ya kuishindilia ndani ya bomba. Sijasema pia kwamba ujazo uleule wa haidrojeni hubeba karibu theluthi tu ya kawi iliyo katika gesi asilia, wala kwamba baadhi ya vyuma hudhoofika na kupasuka vikikaa nayo. Ni kama nikutumie elfu moja kwa simu, wewe upokee mia tatu. Nyaya zetu zina aibu yake, zaidi ya asilimia 20 ya stima hupotea njiani na kwa wizi, lakini hata aibu hiyo haifiki huku.

Mheshimiwa, mtu akikuletea bomba kama mbadala wa gridi, mrudishe na makaratasi yake. Stima ya taa, ya kinyozi jirani yangu na ya mashine yangu ipite kwenye nyaya, na pesa ambazo zingezikwa kwenye bomba hilo zirekebishe nguzo na transfoma.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana haidrojeni yenyewe siipingi. Kuna kazi moja ambayo waya peke yake hauiwezi, nayo ni mbolea.

Kakangu analima mahindi Kitale. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipochacha, gunia la kilo 50 la mbolea ya kupandia lilipita shilingi 6,000. Alipanda nusu ya shamba, nusu nyingine akaiachia magugu. Baadaye ruzuku ilishusha bei hadi 2,500, tukashukuru, ingawa anayejaza hiyo tofauti ni sisi haohao kupitia kodi. Na mbolea yenyewe bado inakuja kwa meli. Ile mbolea ya CAN anayokuzia mahindi hutokana na amonia, na amonia ni haidrojeni iliyofungwa pamoja na naitrojeni ya hewani. Viwanda vingi vya ng'ambo huipata haidrojeni hiyo kwenye gesi asilia au makaa ya mawe, ndiyo maana kombora likianguka mbali, mahindi ya Kitale yanakuwa ya njano.

Sisi tuna mvuke. Tena tunaumwaga: usiku wa manane, watu wakiwa wamelala na viwanda vimepunguza kazi, stima inakosa mnunuzi wa kutosha na mvuke wa visimani unaachiliwa uende zake hewani. Wahandisi watasema mtambo wa kupasua maji unaofanya kazi saa chache za usiku hautajilipa. Wana hoja. Basi uongezewe stima ya mchana, jua likiwa kali, lakini usiguse ile ya jioni watu wanapopika na watoto wanaposoma. Mkakati wa haidrojeni ya kijani uliozinduliwa Nairobi Septemba 2023, wakati wa mkutano wa Afrika kuhusu tabianchi, nao ulitanguliza mbolea ya hapa nyumbani. Hapa hapa Naivasha kuna shamba lililowekewa mtambo mdogo wa amonia wa kutumia jua, uliokusudiwa kutoa tani moja kwa siku. Inawezekana. Ninachouliza ni bomba la kupeleka haidrojeni kwenye kiwanda cha mbolea litakuwa la nani.

Uholanzi wamelijibu swali hilo. Mtandao wao wa haidrojeni umepewa Gasunie, kampuni ambayo hisa zake zote ni za serikali, na ujenzi ulianza Rotterdam Oktoba 2023. Mwenye mtambo anaweza kuwa mtu binafsi, lakini njia ni ya umma. Mpango huo naupenda. Ila Waholanzi walikuwa na mabomba ya zamani ya gesi ya kugeuza matumizi, sisi hatuna hata moja. Kwa hiyo letu liwe fupi, la kutoka Olkaria hadi kiwanda cha mbolea kilichojengwa jirani, kilomita chache, kisha magunia yapande lori au reli yaende Kitale. Gunia husafiri vizuri kuliko gesi.

Na hilo neno "umma" tusidanganyane nalo. Laini ya Loiyangalani hadi Suswa, kilomita 428, ni ya KETRACO, shirika la kusafirisha stima ambalo ni la serikali asilimia 100. Mitambo 365 ya upepo kule Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, ilikuwa tayari mwaka 2017, laini ikakamilika 2018. Katikati hapo mkataba ulitubana tulipie stima ambayo haikuwa na njia ya kutufikia, mabilioni ya shilingi. Nyaya zilikuwa zetu, mkataba hatukuwahi kuuona. Ule wa KETRACO na Adani, kampuni ya India, wa kujenga laini za stima, ulifutwa Novemba 2024 baada ya kelele nyingi, sahihi zikiwa zimeshawekwa. Mikataba ya haidrojeni iwekwe hadharani kabla ya sahihi: bei ya stima watakayouziwa, nani atabeba hasara mtambo ukilala, na tani ngapi zitabaki nchini kabla ya hata moja kupakiwa Mombasa.

Kuna pia wenye ardhi. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha Olkaria IV, zikapelekwa makazi mapya yaitwayo RAPland, na mwaka uliofuata jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia likakuta kanuni za benki hiyo hazikufuatwa ipasavyo. Ukitaka kujua kama mradi mpya ni wa umma, anzia kwao. Uwaulize kwa Kimaasai, si kwa slaidi.

Maji je? Kilo moja ya haidrojeni hula lita 9 za maji safi kwa uchache, bila ya kupoozea mitambo. Miaka ya karibuni ziwa limejaa hadi likaingia nyumba za watu mtaa wa Kihoto, na mtu anaweza kukuambia tuna maji ya kumwaga. Mwaka 2009 lilirudi nyuma hadi boti zikakaa kwenye matope. Mtambo utakuwepo miaka mingi, na ziwa hili halikai mahali pamoja.

Alhamisi naweka mayai mapya, 264 kama kawaida. Yanahitaji siku 21 za stima bila kukatika zaidi ya saa chache. Nimeshanunua makaa, gunia mbili.

Wako mtiifu,
Mfugaji wa kuku,
Karagita, Naivasha