Betri ya Asha haikuwa imeisha

Mtwara, Jumanne usiku

Mpendwa Zuhura,

Salaam aleikum. Huku wazima, korosho zimeanza kudondoka, Baba Nasri mguu umepona ila kununa bado. Najua nimekaa kimya tangu Idi. Nitukane, haki yako, lakini maliza kusoma kwanza maana nina shida na wewe.

Unalikumbuka grupu letu la wasoma kwa masafa? Wale wa fizikia na umeme, uliowafundisha kutumia mita siku ile hadi ukapoteza sauti. Sasa tumefika mia mbili na ushee, na mimi nikawa natamba kwamba tumekua. Juzi Asha wa Newala katoka. Hakuaga, hakugombana na mtu. Kamstari tu kanasema ametoka, katikati ya picha za sare za harusi.

Nikapanda juu kutafuta kilichomsibu, nikasogeza kidole mpaka kikauma. Nikakuta Alhamisi, saa nne kasoro usiku, aliuliza hivi: "Nimechaji kapasita ya maikrofaradi 1000 kwa betri ya volti 9, kupitia rezista ya kilo-omu 10. Kitabu kinasema muda wake ni sekunde 10. Nimehesabu 10, mita inasoma 5.7. Je, betri yangu imeisha?" Na picha kaweka: waya mbili, kitambaa cha meza cha maua, mita ile uliyompa, na mkono wa mtoto umeshika tochi.

Zuhura, hilo ndilo swali tamu kuliko yote niliyoyaona mwaka huu! Betri nzima, mita nzima, na yeye mwenyewe hana kosa. Omu za rezista, ile inayobana umeme, ukizizidisha kwa faradi za kapasita, ile inayotunza chaji, unapata sekunde 10 kweli, lakini huo si muda wa kujaa. Ni muda wa kufika asilimia 63 hivi ya volti za betri, na asilimia 63 ya 9 ndiyo hiyohiyo 5.7 yake. Angevumilia hadi sekunde 50 angeikuta inakaribia 9. Kapima kitu chenyewe barabara, mezani kwake, akadhani kaharibu.

Na alijibiwa nini? Mmoja: "Mungu atusaidie tu." Wa pili akashusha orodha ya michango ya harusi ya Mwanahawa. Wa tatu, aliyeijibu orodha hiyo, ni mimi: "Nimo, elfu ishirini." Swali nililiona. Nikasema moyoni, atajibu mtu. Watu mia mbili, na kila mmoja nadhani alisema vivyo hivyo.

Basi nimeamua kuligawa grupu. Tunahamia Telegram, kwa sababu kundi moja unaweza kulikata mada mada, na anayeingia leo unaweza kumruhusu asome ya mwezi uliopita. Chumba cha hesabu, cha umeme, cha mekanika, cha majaribio ya nyumbani, na baraza la porojo ambako harusi ruksa, hata kigodoro. Moodle, ule mfumo wa masomo ya mtandaoni, itabaki kwa kazi rasmi. Hivi ulijua aliyeianzisha, Martin Dougiamas, alikulia jangwani Australia Magharibi, masomo ya msingi akiyapata kwa redio? Mimi nimejua juzi, nikacheka peke yangu jikoni.

Kubwa ni zamu. Kila chumba kina mwenye zamu, na swali halilali siku mbili bila neno, hata kama neno lenyewe ni "sijui, ngoja nimtafute anayejua." Na Kiswahili ruksa. Nimegundua wengi hawaulizi kwa kuogopa Kiingereza chao, si fizikia.

Halafu mabano. Ule ugomvi wa Hamisi na Fundi Chande uliowanunisha siku mbili, kumbe mmoja kaandika V/R1+R2 akimaanisha V/(R1+R2)! Wote walikuwa sahihi, kila mtu na hesabu yake. Na picha za rezista zitumwe kama faili, zisibanwe. Mistari ya kahawia-nyeusi-nyekundu ni kilo-omu 1, kahawia-nyeusi-chungwa ni 10, na chini ya taa ya njano nyekundu na chungwa ni mapacha. Nilianza kushuku hata rezista ya Asha, lakini ingekuwa kilo-omu 1, sekunde ya kumi ingeshajaa. Ni 10 kweli. Alikuwa makini kuliko sisi.

Anayenitia kichefuchefu ni Profesa Majibu. Swali likiingia tu, keshapiga picha daftari lake, kurasa mbili, mwandiko kama wa kadi ya mwaliko, na mjadala unafia hapo. Watu wanakopi, wanashukuru, wanalala. Nimemwomba aanze kwa kuuliza "umefikia wapi?" Akanijibu kwa kidole gumba. Sijui maana yake ni ndiyo au niondokee.

Sasa shida yangu. Chumba cha umeme nakitaka kwako, Jumanne na Alhamisi, saa tatu usiku mpaka saa nne, watoto wakishalala. Usiniambie hujafundisha siku nyingi. Uliyarekebisha majenereta ya hospitali nzima, utashindwa na kapasita?

Na Asha. Nimemwandikia mara mbili, nikafuta mara mbili. Siku tano zimepita. Unaanzaje kumwambia mtu "samahani, nilikuwa nachangia harusi"? Wewe anakuheshimu, mita umempa wewe. Namba yake ile ya zamani bado inapatikana? Shangazi yake si yuko bado hapo Tanga, jirani na kina Mwanaidi? Nimpigie mwenyewe, au utangulie wewe halafu nifuate? Nimpe jibu zima, au nimwambie tu arudie, ahesabu hadi 50? Na hicho chumba cha umeme, unakichukua ama nimpe Hamisi, Mungu aninusuru?

Nijibu kabla ya Ijumaa, bando langu linaisha usiku huo. Msalimie Mama, mwambie ubuyu umefika, nusu yake Nasri kaula.

Wako,
Rukia